Jino Nalo ni Ugonjwa



Hapa Kawajense mtu akipata homa huenda zahanati. Akiumwa jino husema, "Ni jino tu." Husukutua maji ya chumvi, hubana tumbaku shavuni, hungoja. Mimi silikubali neno hilo "tu".

Mwaka 1973 wazee wetu walipigana vita ya Mtu ni Afya. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo. Vita ile ilikuwa juu ya malaria, kuhara, kichocho na minyoo. Naona sasa tuifikishe kinywani.

Tazama jinsi jino linavyoumiza mwili. Jino lililooza hutunga usaha. Usaha ukishuka shingoni huweza kuziba pumzi, na mtu akafa. Fizi zinazotoka damu zina vijidudu. Vijidudu hivyo huingia katika damu, na mtu mwenye moyo mbovu huweza kuugua zaidi. Mwenye kisukari ana taabu mbili: sukari huharibu fizi, na fizi mbovu hufanya sukari iwe ngumu kushuka.

Lakini jambo linaloniudhi kuliko yote ni hili la "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anahara. Jirani anasema ana meno ya plastiki. Fizi inachanwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, kitu cheupe kinatolewa. Ndugu, kile si plastiki. Ni chonge ya utotoni ambayo haijakomaa. Madaktari wa Tanzania wameandika habari hizi tangu miaka ya 1990. Mtoto hupoteza damu, huweza kupata pepopunda, na kuhara kwake hakujatibiwa. Anachohitaji ni ziwa la mama, maji ya dawa ya kuhara, na zahanati siku hiyo hiyo. Bibi akikasirika, mwache akasirike.

Sisi wakubwa tupige mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Wa usiku ndio unaosahauliwa, nao ndio mkubwa. Dawa ya meno iwe yenye floridi. Soda na peremende tupunguze. Hata asali yetu ya Mpanda, ingawa tunajivunia, kwa jino ni sukari.

Wengi darasani huniuliza kama mswaki wa mti unafaa. Unafaa. Tafuna ncha mpaka ilainike, sugua polepole mpaka meno ya nyuma, na kila mtu awe na wake.