Diski kuukuu ya kompyuta nayo ni amana

Kompyuta nyingi za majumbani zimezeeka na kuwa nzito kufunguka. Mafundi huwashauri wenyewe kuiondoa diski kuu ya zamani, ile yenye visahani vinavyozunguka, na kuweka ya aina ya SSD. Ushauri ni mzuri, kwani kompyuta huchangamka na familia huepuka gharama ya kununua nyingine. Linalotushughulisha sisi ni swali ambalo wengi hawaliulizi: ile iliyotolewa inakwenda wapi?

Aghalabu hubaki kwa fundi, na huenda ikauzwa. Ndani yake mna picha za harusi za akina mama waliojistarehesha ukumbini wakijua kuwa hapakuwa na mwanamume; mna barua za shauri la talaka, nakala za vitambulisho na hati za nyumba. Ikiwa kompyuta ni ya msikiti, huenda mna orodha ya waliopewa zaka, na hao hawakuridhia umaskini wao usomwe na mnunuzi wasiyemjua. Ni kweli kwamba kupeleleza aibu za watu ni haramu. Lakini katazo hilo halimwondolei aliyekabidhiwa siri wajibu wa kuihifadhi.

Wako watakaosema, "Mbona tumeshafuta kila kitu?" Kufuta faili na kumwaga pipa la taka la kompyuta ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu, sura zenyewe zingalimo, na zipo programu za kuzirejesha. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza jinsi walivyonunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Walikuta humo maelfu ya namba za kadi za benki.

Basi kwanza nakilini mnavyovihitaji, mzifungue nakala hizo na kuzikagua, na msiiguse diski ya zamani mpaka ile mpya iwe imewaka na kufanya kazi. Kisha diski ya visahani ifomatiwe kikamilifu, si kwa ile njia ya haraka, ili sehemu yake yote iandikwe sifuri juu ya yaliyokuwamo. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa kadhaa, na fundi mwenye haraka ataikwepa. SSD ina tabia nyingine: huhamisha data kutoka sehemu moja hadi nyingine ndani kwa ndani, hivyo kuandika juu yake hakutoshi, na hutumika amri maalumu ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji. Iliyokufa kabisa haifutiki. Hiyo itobolewe mpaka visahani vyenyewe vipasuke au vipindike.

Diski iliyotolewa ni mali yenu, hata kama mmelipia mpya. Mwambieni fundi kabla hajafungua kompyuta kwamba mtaondoka nayo.