Kamera ya Video Inapogoma Kando ya Ziwa

Mama mmoja mkazi wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, ametuletea barua ya kuomba msaada. Katika jamaa yao imo kamera ya video ya zamani, ile itumiayo mkanda wa milimita 8, na ndani yake imo kaseti yenye picha za marehemu baba yake akipiga ngoma katika sherehe ya Mutomboko kule Mwansabombwe. Nakala nyingine haipo. Kamera hiyo ilikuwa kwa kaka yake Kawambwa. Ililetwa alfajiri kwa basi, na walipoiwasha mbele ya ndugu waliokusanyika, ikaonyesha alama ya tone la maji, ikagoma, wala haikukubali kuitoa kaseti. Mpwa wake ataka kuifungua kwa bisibisi, naye amemzuia mpaka apate jibu letu.

Umefanya vema, mama. Bisibisi na irudi sandukuni.

Alama ile ya tone haina maana ya kwamba kamera imeingia maji. Kawambwa iko juu uwandani, na asubuhi za Juni na Julai huko ni za baridi kali. Nchelenge iko chini bondeni, takriban mita 920 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina joto na unyevu wa ziwa. Kitu baridi kikiletwa ghafla penye hewa ya namna hiyo hutokwa na umande, kama chupa ya soda itolewayo katika jokofu. Ndani ya kamera mna gurudumu dogo la chuma lenye vichwa vya kusomea picha, nalo katika kamera za milimita 8 za mfumo wa PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Likiwa na umande, mkanda huganda juu yake na kukatika. Ndiyo maana waundaji waliweka kifaa cha kuhisi umande na kuizuia mashine isiende. Basi mgomo ule ulikuwa ni ulinzi.

Dawa yake ni subira. Kamera na ikae saa moja au zaidi mahali pakavu, mlango wa kaseti ukiwa wazi kama wafunguka. Isianikwe juani, isiwekwe karibu na jiko. Na siku nyingine, kabla ya kusafiri kutoka penye baridi, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo usifunguliwe mpaka kamera ipate joto la pale ilipofika. Yamkini hata barua hii ilipokuwa njiani umande umekwisha kukauka wenyewe.

Lakini liko jambo katika barua ambalo umande hauliezi. Kamera iliyohisi umande aghalabu hukataa kila kazi isipokuwa moja, nayo ni kuitoa kaseti. Iwapo yako imekataa hata hilo, twashuku betri. Mlango wa kaseti huendeshwa na mota, na betri iliyokaa miaka bila kutumika yaweza kuwasha taa na skrini ilhali haina nguvu ya kuzungusha mota. Toa betri, ngoja dakika chache, kisha uiunganishe kamera na umeme wa ukutani kwa kifaa chake chenyewe, ubonyeze tena kitufe cha kutolea. Subiri umeme uliotulia. Ule unaorudi punde baada ya kukatika huja kwa kishindo.

Mlango ukifunguka na ukaona mkanda umening'inia nje ya kaseti, usiuvute. Zima, umpelekee fundi wa redio na televisheni mwenye mkono mtulivu, na umwambie wazi kwamba akilazimika kuharibu kimoja, aharibu kamera. Kamera nyingine ya aina hiyo yaweza kupatikana kwa mtu, baba hapatikani. Vijana wengi huyageuza haya, wakailinda mashine na kuukata mkanda.

Kaseti ikitoka salama, itazame kwenye dirisha lake. Vumbi jeupe kingoni mwa mkanda ni kuvu, na kaseti ya namna hiyo isichezwe nyumbani, kwani hueneza kuvu kwa nyingine. Kama ni safi, icheze. Picha ikija na chengachenga kama mvua, vichwa vimechafuka. Kwa wakazi wa pwani ya bahari adui ni chumvi. Ninyi wa Mweru maji yenu ni baridi, lakini ule mchanga muanikapo chisense, yaani dagaa wenu, hupeperuka na kuingia kila tundu. Tumia kaseti ya kusafishia kwa sekunde kumi tu, kisha ujaribu tena. Pamba ya masikio isiguse vichwa: nyuzi zake hunasa na kuving'oa.

Neno kwa wale waliotuuliza kama kaseti hizi huingia katika mashine ya VHS ya sebuleni: za milimita 8 haziingii kamwe, hata kwa kifuko cha kuazima. Kifuko hicho ni cha kaseti ndogo za VHS-C peke yake. Wala msitegemee kununua mashine mpya ya VHS, kwani kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwezi Julai 2016.

Kwa hiyo, mama, siku picha itakapotokea, usiwaite ndugu kwanza. Mwite mwenye kompyuta na kifaa cha kunakili video. Waya wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti. Kamera yenye sauti ya upande mmoja haina mwekundu. Mkanda uende mara moja toka mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa, na nakala ziwe mbili, moja ibaki Nchelenge na ya pili irudi kwa kaka yako Kawambwa. Halafu ndugu na waje, ngoma ichezwe kutoka kwenye nakala. Kaseti yenyewe irudishwe nyuma mpaka mwanzo, isimamishwe wima ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vijifuko vya kukausha unyevu vijavyo na viatu vipya.