Ruhusuni vitabu vichakae: waraka wa wazi kwa Wakurugenzi wa Ngara na Biharamulo

Kwa Wakurugenzi Watendaji,
Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo,
Mkoa wa Kagera.

Kupitia: Divisheni za Elimu ya Awali na Msingi

YAH: OMBI LA MAELEKEZO YA MAANDISHI KUHUSU VITABU VYA HADITHI SHULENI

Ndugu Wakurugenzi,



Mimi ni mwandishi wa vitabu vya watoto. Naishi Ngara, na kazi hii hunifikisha Biharamulo mara kwa mara, ndiyo maana nawaandikia nyote wawili kwa pamoja. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema: waandikieni walimu wakuu wa shule zote za msingi kwamba kitabu cha hadithi kikichakaa kwa kusomwa na watoto, mwalimu hatahesabiwa kuwa ameisababishia Serikali hasara. Ningeweza kuleta barua hii masjala nikasubiri majibu. Nimeamua kuandika kwa wazi kwa sababu jambo lenyewe linawahusu pia walimu, wazazi, kamati za shule na madiwani.

Nikifika shule ya msingi, awe mwalimu mkuu ananijua au hanijui, napokewa vizuri. Huletwa kiti, tukaulizana habari za nyumbani na za mashamba, kisha nikaomba kuona vitabu vya hadithi. Hapo mwalimu hutoa funguo mfukoni, akafungua kabati la ofisini, akanionyesha. Vimepangwa vizuri, migongo imenyooka, vingine bado vimo kwenye nailoni vilivyofungwa nayo kiwandani. Ukikifungua kimoja kinalia, maana hakijawahi kufunguliwa. Mwalimu huniambia kwa fahari ya kweli, "Hivi tunavitunza sana."

Simlaumu hata kidogo. Kitabu kile ni mali ya Serikali na kimeingizwa kwenye leja. Siku mwalimu akihamishwa, makabidhiano yatafanyika na vitabu vitahesabiwa kimoja kimoja. Kikipungua kimoja, ni yeye atakayeandika maelezo. Kitabu cha kiada kina kinga yake, kwa kuwa somo haliendi bila hicho na kila mkaguzi anajua kwamba lazima kishikwe. Cha hadithi hakimo kwenye mtihani wowote. Mwalimu akikigawa anabeba dhamana peke yake, akikifungia hakuna atakayemuuliza. Mimi ningekuwa na familia ya kulisha kwa mshahara ule, ningefunga kabati vilevile.

Sasa niwaeleze nilichokikuta upande wa Biharamulo, kwenye shule iliyo mbali na lami. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa ameweka vitabu vya hadithi kwenye boksi la sabuni za miche, pembeni ya darasa, mahali mtoto anaweza kuchukua mwenyewe. Kimojawapo kilikuwa changu. Jalada lake lilikuwa limekwisha zamani, na mahali pake pamewekwa karatasi ya kaki, jina la kitabu limeandikwa kwa kalamu ya wino kwa mwandiko wa mtoto, herufi moja imegeuka. Kurasa zilikuwa zimeshonwa kwa sindano na uzi mweusi, mshono wa mtu anayejua kushona. Kuna ukurasa ambao kiboko anatoka mtoni Ruvubu usiku kula mahindi ya watu, na ukurasa huo ulikuwa umeingia weusi katikati, juu ya kiboko, kwa sababu kila mtoto aliyefika hapo aliweka kidole. Mwalimu alianza kuniomba radhi kwa hali ya kitabu. Nilimsihi aache. Nilikishika kitabu kile nikajua kwamba kazi yangu imefika ilikokusudiwa, na hadi leo sijapata tuzo inayokikaribia.

Mkulima haambiwi ametia hasara kwa sababu jembe lake limelika kwa kulima. Hilo ndilo ninaloliomba kwa vitabu.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu wengi huona kitabu cha watoto ni kitu kidogo kinachoandikwa jioni moja. Kurasa 24 zenye sentensi chache chache huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa kila sentensi lazima isomeke na mtoto anayekutana na Kiswahili cha maandishi kwa mara ya kwanza. Nyumbani kwao amekuwa akisema Kihangaza au Kishubi. Biharamulo ongeza Kihaya na Kisukuma. Ninasoma rasimu kwa sauti mbele ya watoto wa jirani, na mahali wanapoanza kuangalia pembeni ndipo ninapokata. Kisha kuna picha. Mchoraji ninayefanya naye kazi anaishi Dar es Salaam, ni fundi hasa, lakini mara ya kwanza aliniletea kijiji chenye ardhi tambarare na minazi miwili nyuma ya nyumba. Nikampigia picha za kwetu kwa simu: vilima, migomba, ukungu wa asubuhi ulioziba bonde lote, ng'ombe wa pembe ndefu. Alivyozichora upya, mtoto mmoja wa Kabanga aliangalia ukurasa wa kwanza akasema, "Hapa ni kwa babu." Siku hiyo nilirudi nyumbani na furaha ya wiki nzima.

Vitabu huchapwa mbali na husafiri kwa basi: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, ndipo vinafika huku. Konda mmoja aliyeniletea mzigo alikuwa ameona nakala kupitia upenyo wa boksi lililoachia kona. Aliniuliza bei, akatoa hela, akanunua kwa ajili ya binti yake. Mtu aliyekesha njiani, mwenye safari nyingine mbele yake, alinunua hadithi. Tusiseme tena kwamba watu wetu hawapendi kusoma.

Na kuna kisa ambacho mwalimu mmoja wa karibu na Rusumo alinisimulia. Aliwaazima watoto vitabu waende navyo nyumbani Ijumaa, warudi navyo Jumatatu. Msichana mmoja alimsomea bibi yake hadithi ya mama anayewapa maji wasafiri wanaovuka daraja. Akawa anasoma sentensi kwa Kiswahili, halafu anaieleza kwa Kihangaza. Bibi akamsimamisha, akaanza kueleza yake, ya Aprili 1994, wakati watu zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, hapa kwetu Ngara, ikageuka kuwa mji wa mahema. Yeye alikuwa mmoja wa waliotoa maji. Mjukuu hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Kitabu kile kingekuwa kabatini, bibi angekaa kimya na habari yake.

Ndugu Wakurugenzi, ninajua mna mambo mazito: madarasa, madawati, vyoo, walimu wasiotosha. Sikuja kuomba fedha. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka: 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya kununua vitabu na 6,000 zikaenda shuleni kwa uendeshaji. Kila mwalimu mkuu anajua 6,000 hiyo inavyovutwa huku na huku, kuanzia chaki hadi ukarabati. Ninachoomba kinahitaji karatasi, saini na mhuri.

Lakini muda unatubana. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mtoto anayeanza darasa la kwanza bila Kiswahili cha kutosha amepungukiwa mwaka mzima wa kuwa msomaji. Tangu 2015 madarasa ya mwanzo yamekuwa yakikazania kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wetu wanafanya kazi kubwa katika hilo. Mtoto hufundishwa silabi, akaunganisha neno, akasoma sentensi ya kwenye kitabu cha kiada. Baada ya hapo anahitaji sababu ya kuendelea kusoma, na sababu hiyo ni kutaka kujua kiboko alifanywa nini.

Tena vitabu vinaongezeka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi, na awamu iliyofuata ikaongeza hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni 10, na kwa mwandishi wa wilayani hilo ni jambo kubwa. Kabla ya hapo, tangu 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulikuwa ukinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa shuleni, na waandishi wengi wa nchi hii walipata mlango kupitia hapo. Hata uchapishaji wenyewe una mzizi kwetu. Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972 na kisha akaanzisha Mkuki na Nyota, alizaliwa Ngara. Wilaya iliyotoa mtu wa namna hiyo haistahili kuwa na vitabu vilivyofungiwa.

Na tusione haya kujifunza kwa majirani. Kigali, ambako ni karibu nasi kuliko Dodoma, shirika la Editions Bakame lilianzishwa 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, likaanza kuchapa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Mwaka 2008 lilipewa tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi kwa kazi ya kuvifikisha vitabu kwa watoto walipo. Waliotunukiwa walikuwa na nchi iliyoharibika na vitabu vichache. Walikubali vishikwe.

Waraka ninaouomba usiwe mrefu. Useme kwamba vitabu vya hadithi vitoke ofisini viingie darasani. Kila darasa liwe na daftari la kuazima, linaloandikwa na wanafunzi wenyewe chini ya mwalimu wao, maana mtoto wa darasa la nne anaweza kabisa kuandika jina, kitabu na tarehe. Mwisho wa mwaka mwalimu mkuu aorodheshe vilivyochakaa kwa matumizi, Afisa Elimu Kata athibitishe kwa saini, na orodha hiyo iwe ndiyo maelezo, asitakiwe mengine. Pia Ijumaa kipindi cha mwisho kiwe cha hadithi, darasa la kwanza hadi la nne, bila zoezi la kusahihisha. Na wathibiti ubora wanapofika, pamoja na kuuliza vitabu viko vingapi, waulize vimesomwa na watoto wangapi, kwa sababu mwalimu hufanya lile analojua ataulizwa.

Najua mtakachoambiwa. Vitapotea. Ni kweli, vingine vitapotea. Vitaloa mvua ya Machi, vitachanwa na mdogo wake mtoto, vingine vitahamia na familia inayokwenda kutafuta mashamba. Lakini kitabu kilichopotea Rulenge au Nyakahura kimepotelea nyumbani kwa mtu, na nyumba nyingi zile hazina maandishi mengine zaidi ya kadi ya kliniki na vitabu vya dini. Kitasomwa huko. Kilichofungiwa kabatini hakipotei, na hakisomwi na mtu yeyote. Kati ya hasara hizo mbili, mimi naona ya kabatini ndiyo kubwa, na ndiyo pekee isiyoandikwa kwenye leja.

Kuna walimu ambao wameshaanza bila kusubiri waraka, kama yule wa boksi la sabuni na yule wa Rusumo. Sitawataja majina wala shule zao, kwa sababu kwa utaratibu wa sasa kuwataja ni kuwaweka matatani. Hilo peke yake lingetosha kuwashawishi ninyi Wakurugenzi. Walimu wanaofundisha watoto kupenda kusoma wanafanya hivyo kwa hofu, na hofu hiyo inaweza kuondolewa na ofisi zenu asubuhi moja.

Naomba maelekezo hayo yawafikie walimu wakuu kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mkiitisha kikao chao, Ngara au Biharamulo, nitakuja kwa nauli yangu kusoma nao na kuonyesha namna ya kuendesha daftari la kuazima. Sihitaji posho. Nahitaji kukuta makabati yakiwa wazi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi wa vitabu vya watoto,
Ngara.

Nakala kwa: Ofisi za Uthibiti Ubora wa Shule, Ngara na Biharamulo, Maafisa Elimu Kata wote, kamati za shule za msingi.