BARZA YA MWALIMU: Kadi ya Kamera si Albamu

Mwaka huu barza yetu itazungumza juu ya kitu kinacholingana na stempu ya barua, nacho ni kadi ya kamera.

Nyumba zetu nyingi siku hizi zina kikopo cha bati kilichojaa kadi hizi: ya harusi ya fulani, ya hija ya bibi, ya safari ya Unguja ya mwaka 2009. Watu huziweka kama walivyokuwa wakiziweka negativu zamani. Hapo ndipo penye khatari, na ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu.

Picha ya karatasi, ikisalimika na maji na mchwa, huishi umri wa mtu. Kadi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Asili yake ni ufundi alioubuni Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980, na kadi hizi za SD zenyewe zilitangazwa mwaka 1999. Ndani yake mna vijumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, na kila kimoja kimefungiwa umeme kidogo nyuma ya utando mwembamba. Umeme huo ndio picha yako. Kila ukifuta na kuandika upya, utando huchakaa. Na hata ukiiacha kadi imekaa tu, umeme huvuja pole pole, miaka kwa miaka, na joto huzidisha kuvuja.

Vijana huniuliza, "Mwalimu, kadi inafaa kutumika mara ngapi?" Tufanye hesabu kama tulivyofanya skuli. Tuchukue kadi ya kawaida ambayo vijumba vyake vinastahamili kuandikwa na kufutwa mara 1,000. Ikiwa ni ya gigabaiti 32, huingia picha 4,000 za megabaiti 8. Tuseme unaijaza yote na kuifuta kila wiki, jambo ambalo simjui mtu wa ukoo wetu anayelifanya. Elfu moja ukigawa kwa 52 unapata zaidi ya miaka 19. Basi si kuandikwa kunakoziua kadi zetu.

Kinachoziua ni kuachwa garini mwezi wa Juni hapa Maskati, kuchomolewa na taa ya kamera bado inamemeta, plastiki kupasuka mifukoni mwa watoto, na bei rahisi za sokoni. Mpwa wangu mmoja alinunua kadi iliyoandikwa gigabaiti 512 kwa bei ya sahani ya biriani. Ndani mlikuwa na 32 tu, na kilichozidi hapo hakikupatikana tena. Ilikuwa siku ya nikahi ya dada yake. Mafaili yalionekana yote kwa majina. Ukiyafungua, hamna kitu. Kadi mpya ijazeni kwanza kwa vitu visivyo na thamani, kisha mvifungue vyote kimoja kimoja kabla ya kuiamini.

Kadi ikianza kuleta makosa, au picha ikitoka nusu yake kijivu, itoeni kazini siku ile ile. Msiifomati mkaendelea nayo kwa ubakhili wa riali mbili. Mimi mwenyewe hubadilisha kila baada ya miaka mitano, hata kama haijalalamika. Na mtu akifuta picha kwa bahati mbaya, asipige tena hata moja! Kufuta huondoa anwani tu. Picha yenyewe mara nyingi bado imo mpaka iandikwe nyingine juu yake, na programu za kuiokoa zipo.

Picha za wazee waliokwisha tangulia zisikae kwenye kadi peke yake. Zitiwe katika kompyuta, nakala ya pili iwe kwenye diski iliyo nyumba nyengine, na kumi au ishirini zilizo bora zichapishwe karatasini, majina yaandikwe nyuma kwa penseli.

Siku ya pili ya Idi, tutakapokutana Inshallah, kila mwenye kadi kuukuu na aje nayo. Vijana watakuwa na kompyuta mbili mlangoni. Mashangazi wakae karibu nao, maana wao ndio wanaojua nani ni nani.