Sheria Imemwona Mzazi, Riwaya Bado

Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinakubali kwamba mwanamke anaweza kuvurugika akili kwa sababu ya kujifungua. Akisababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12 akiwa katika hali hiyo, hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia. Yaani sheria, tena kavu kama ilivyo, imeyaona haya. Waandishi wetu wa riwaya je?

Chukua Kichwamaji ya Kezilahabi, 1974. Kazimoto anasimulia mwenyewe, nasi tunakaa kichwani mwake. Sabina ndiye mwenye mimba na uchungu, lakini tunamjua kwa macho ya mumewe tu. Najua mtasema: msimulizi ni mwanamume, ulitaka nini? Nilitaka riwaya nyingine, ya Sabina. Miaka 50 imepita, bado naisubiri.

Sonona baada ya kujifungua si mambo ya Kizungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Machozi ya siku za mwanzo hupita yenyewe. Yakivuka wiki 2, usingizi ukigoma hata mtoto akilala, mama akijiona hafai, huo ni ugonjwa, na una tiba. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa mweke mama huyo Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa. Kliniki mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi inajazwa. Nyumbani uji unakuja, maji ya moto yanakuja, na usia juu yake: vumilia, wenzako wamezaa saba. Uji ni jambo jema, siudharau. Ila mama huyu atautajaje ugonjwa ambao hajawahi kuusikia ukitajwa? Atasema kichwa kinauma. Atasema ana mawazo. Basi, atapewa panado.

Kuwapa watu maneno ni kazi ya fasihi, si ya nesi peke yake. Waandishi, mtoto akishazaliwa kwenye sura ya tano, msikimbilie kumpeleka shule kwenye sura ya sita. Kaeni kwanza na mama yake usiku ule, mtuambie anawaza nini.