Mnalinyanyua Gari, Kisha Mnaitupa Stabilaiza

“Gari la porini halihitaji stabilaiza; fungua, tupa.” Kauli hii husemwa gereji na vijiweni kwa uhakika wa kuudhi, na wanaoishadidia zaidi ni wale waliokwisha kulinyanyua gari kwa springi ndefu. Kweli, kwenye mawe chuma kile, kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ni kero: gurudumu la kushoto likipanda jiwe, hujisokota kikalivuta la kulia nalo lipande, tairi ikabaki hewani bila kushika kitu. Lakini kwenye kona ya lami, msokoto huohuo ndio unaolizuia gari lisilale. Na kunyanyua gari ni kuupeleka uzito wake juu, kwa hiyo hulala zaidi kuliko mwanzo. Mantiki ya kulinyang'anya kinga siku hiyohiyo iko wapi? Utajibiwa kwamba Land Rover za wazee hazikuwa nayo. Sawa, ila zilikalia springi za vyuma bapa, ngumu, zenye kuzuia mlalo zenyewe, tena zikitambaa. Huko ni kung'oa breki kwa sababu punda hana.

Viwanda vyenyewe havikuitupa. Baadhi ya Nissan Patrol Y61 zina kitufe cha kuachia stabilaiza ya nyuma. Jeep Wrangler Rubicon, tangu toleo la 2007, huiachia ya mbele, na kasi ikipita kama kilomita 29 kwa saa huifunga yenyewe. Asiye na kitufe atafute linki za kuchomoa pini, ndefu kulingana na kimo kilichoongezwa, ili gari likisimama tambarare mikono ya stabilaiza ikae karibu sambamba na ardhi. Ncha za bushi ya mpira hazipigi kelele upesi kama za chuma zikiingia vumbi. Linki zichomolewe pande zote mbili, zifungwe juu, mbali na tairi na mpira wa breki. Anayetoka Arusha kwenda Ziwa Natron hana sababu ya kuzichomoa kabla lami haijaisha. Hata kwenye vumbi la Engaruka, kama anakimbia, aziache zimefungwa hadi afike makorongoni.

Eti kuinama chini ya bampa kuchomoa pini mbili ni usumbufu! Haohao hupata mchana mzima wa kupanga taa juu ya paa, na wa kufunga snokeli kwenye gari ambalo Jangwani ya Dar es Salaam ikifurika halitolewi hata getini.