Spea tairi umeiweka wapi? Na siongelei mchepuko

Oya wapendwa, tulieni kwanza. Najua likitajwa neno "spea tairi" hapa kwetu, nusu yenu mnakimbilia komenti kutaja majina ya watu. Leo hapana. Leo naongelea tairi la kweli, la mpira, lenye rimu na vumbi. Na naongelea tela.

Mnamjua yule bosi wa mapati ya ufukweni. Simtaji, mkimtaja mnamtaja nyinyi. Yule wa miwani ya jua saa nne usiku, mwenye tela jeusi analovuta na Noah, ndani spika, jenereta, taa na maboksi ya barafu. Klipu yake mliiona kwenye magrupu: tela limepaki kiwete njia ya Paje, mbele kidogo ya Jozani, giza totoro, tairi la kulia limepasuka, na vijana wanne wanashusha spika moja moja wanazipanga barabarani. Barabarani, si pembeni. Mkacheka. Mmoja akaandika "pati imeanzia msituni". Sawa, hata mimi nilicheka hiyo.

Ila jiulizeni kwa nini walikuwa wanashusha spika. Spea ilikuwepo! Ilikuwa ndani ya tela, chini kabisa, chini ya spika, chini ya jenereta. Ili uifikie lazima ushushe pati nzima. Na sisi huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo tairi la kulia ndilo liko upande wa magari yanayopita. Wale vijana walikuwa wamechuchumaa huku gari za shamba na gari za watalii zinawapitia mgongoni. Wawili kati yao ni watoto wa huku huku Mwanakwerekwe, wanalipwa kwa safari. Bosi mwenyewe alikuwa mbele kwenye gari nyingine, keshafika Paje, anaposti bahari.

Basi baada ya kuchekwa, bosi akarekebisha. Wiki iliyofuata akaposti picha mpya: spea imetoka ndani, imefungwa nyuma ya tela, katikati, imevishwa kava yenye logo yake. Komenti zikajaa moto na makopa. "Hapo sawa bosi." "Umeupiga mwingi."

Mimi nasema hapo si sawa. Ametoka kwenye kosa moja kaingia la pili, tofauti ni kwamba hili la pili linapendeza kwenye picha.

Nimekulia karibu na gereji, ami yangu ni fundi wa kuchomelea, na maneno haya nimeyasikia tangu niko skuli. Lakini hata huhitaji fundi. Nenda sokoni hapa Mwanakwerekwe asubuhi, mtazame hamali na mkokoteni wake wa magurudumu mawili. Magunia anayapanga vipi? Uzito anausogeza mbele kidogo ya ekseli, ili mikono ya mkokoteni ikae chini, imlalie mkononi. Akiweka gunia nyuma kabisa, mikono inanyanyuka juu, mkokoteni unataka kumbeba yeye. Na akianza kukimbia nao hivyo, unayumba kama mlevi. Hamali hajasomea, ila hajawahi kukosea hilo.

Tela ni mkokoteni ule ule, ila hamali wake ni Noah na mwendo ni kilomita 80 kwa saa. Watengenezaji wengi wa tela, hasa wa Marekani ambako watu wanavuta hadi nyumba za kulala likizo, wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ulalie pale kwenye ndoano ya gari. Tela lako lenye mzigo likiwa kilo 600, maana yake kilo 60 hadi 90 ziwe mbele. Zikipungua, mkia unaanza kuiongoza gari, na mkia ukiiongoza gari hakuna dereva hapo, kuna abiria aliyeshika usukani.

Sasa tufanye hesabu ya bosi. Tuseme tairi na rimu yake ni kilo 18. Ametundika mita moja na nusu nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ndoano ni mita 3. Zidisha, gawanya: amepunguza kilo 9 pale mbele. Kama alikuwa na 60 sasa ana 51, ameshatoka kwenye kiwango. Angeitundika mita 2 mbele ya ekseli, angeongeza kilo 12. Tofauti ya kilo 21 kwa tairi hilo hilo moja, logo hiyo hiyo. Na bado hatujahesabu maboksi ya barafu ambayo vijana wanayatupa nyuma kwa sababu ndiyo ya mwisho kupakiwa.

Halafu kuna mtikisiko. Njia ya Paje pale Jozani ina matuta, yaliwekwa kwa ajili ya kima punju wasigongwe, na ni jambo zuri. Lakini kila tuta, kitu kilichoning'inia mwisho wa tela ndicho kinarushwa zaidi. Kilo 18 zinapiga pale kama nyundo, na nyuma ya tela nyingi za huku kuna bampa la chuma chembamba tu lililochomelewa kwa urembo. Leo ufa, kesho tairi linabiringika lenyewe barabarani kumtafuta mwenye Vespa.

Chini ya tumbo la tela, kama spea za Hiace? Kwa gari kubwa sawa. Kwa tela dogo hapana. Kwanza tairi likipasuka tela linakaa chini, na spea iko hapo hapo chini, utaingia vipi kuitoa? Pili, mnapeleka tela ufukweni. Chumvi na mchanga vinakula ule mnyororo hadi siku unayoihitaji spea nati haizunguki, labda uite fundi na moto. Juu ya paa? Hizo ni mambo za gari za shamba, zina paa la mbao, zina utingo wa kupanda, zina abiria wa kupokea. Wewe na shemeji yako usiku mtashushaje?

Ami anasema, na mimi nakubaliana naye: mbele. Pale kwenye mkono wa tela, kati ya ndoano na boksi. Uzito unakuwa upande unaotakiwa, spea unaifikia bila kugusa mzigo, na mtu anayeifungua anasimama mbele ya tela, si nyuma yake ambako taa za gari inayokuja ndizo zitamkuta. Ukiweza isogeze kushoto kidogo, upande wa majani, ili hata wakati wa kuitoa mtu asitoke barabarani.

Ina masharti yake lakini. Kabla fundi hajafunga, liunganishe tela na gari, kata usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto, uone kama kona ya bampa haigusi tairi. Fungua mlango wa nyuma wa gari. Wa Noah unapanda juu, wa RAV4 za zamani na Escudo unafunguka kwa pembeni ukiwa na spea yake mgongoni, huo unafagia eneo kubwa. Na mwambie fundi asichomelee hovyo kwenye ule mkono wenyewe, ndio unaovuta kila kitu. Bolti za umbo la U zinatosha, na siku ukibadili mawazo unazifungua.

Najua mtasema wizi. Ndiyo sababu bosi aliificha chini ya spika mwanzoni, na siwezi kusema hofu hiyo ni ya bure. Tairi lililo nje mjini ni kama simu iliyosahaulika kwenye baraza. Lakini dawa yake ni mnyororo na kufuli, na kava isiyo na logo, kava mbaya mbaya ya turubai inayozuia na jua. Funguo mbili, moja ya dereva na moja ya wale vijana. Si moja tu, iko Paje, inaposti bahari.

Mengine nayapitia haraka. Spea ya Noah haikai kwenye tela kama matundu ya bolti hayalingani, kwa hiyo usijidanganye una spea mbili. Spana ya gari inaweza isiingie kwenye nati za tela, jaribu ukiwa nyumbani. Jeki ya gari mchangani inazama, beba kipande cha ubao kinene. Na angalia namba 4 za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kuna watu wanazunguka na spea ina umri wa mtoto wa skuli, haijawahi kugusa lami, wanasema bado mpya. Jua limeshaila.

Kilichoniuma kwenye hii stori si logo. Ni kwamba kila mtu aliangalia tairi na hakuna aliyeangalia nani anatumwa kulibadilisha. Bosi ana wafuasi wengi kuliko idadi ya watu wa mtaa wangu, na vijana kibao wanaonunua tela sasa hivi kwa ajili ya kahawa, chipsi na muziki wanamuiga yeye. Nimeshaona mawili mapya huku kwetu, spea nyuma, kava ina jina la biashara. Mmoja nilimwambia uso kwa uso. Akanijibu "lakini mbele haionekani kwenye picha".

Na nyie wa RAV4 na Escudo za kukodisha, nawajua, mmeshaanza kuandika kwamba gari zenu spea iko mlango wa nyuma na mnafika Nungwi salama. Gari ina ekseli mbili, mkia wake haukai juu ya ndoano ya mtu mwingine. Ni habari nyingine kabisa. Haya, komenti ziko wazi, ila anayetaja jina la bosi namfuta.